Texas, New York au Minnesota: mtihani wa jimbo utamgusaje mtoto wako?

Mzazi aliyesomea Bukavu, Kigoma au Kisumu anaujua mtihani kuwa mlango: ukipita umepita, ukibaki nje umebaki nje. Kongo kuna ENAFEP (zamani TENAFEP) mwishoni mwa shule ya msingi na Examen d'État mwishoni mwa sekondari. Tanzania kuna mtihani wa darasa la saba na ule wa kidato cha nne. Kenya, KCPE ya shule ya msingi iliendelea hadi mwaka 2023, na KCSE ya sekondari ingali inawakosesha usingizi wazazi wengi. Mzazi huyo akifika Marekani na kuletewa barua ya shule isemayo kwamba mwanawe wa darasa la 3 atafanya mtihani wa jimbo, swali lake la kwanza ni lile alilolizoea: akianguka, atapelekwa shule gani?

Jibu humshangaza. Shule za umma za kawaida hupokea watoto kwa kufuata anwani ya nyumba, wala si kwa alama za mtihani huu. Lakini mzazi huyohuyo, kijana wake akifika haiskuli, anaweza kukuta mtihani unaoizuia diploma, au asikute mtihani wa namna hiyo kabisa, kwa sababu tu ya jimbo alilopangiwa au alilolihamia. Nimekaa na wazazi wengi katika vikao vya shule kama mkalimani, na nimeona familia ikihama kufuata kazi au ndugu bila kuuliza hata mara moja kanuni za mtihani za kule iendako, ilhali ina kijana wa miaka 17 aliyebakiza mwaka mmoja na nusu kumaliza. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya familia za namna hiyo. Nimechagua majimbo matatu ambamo wasemaji wa Kiswahili wapo kwa wingi na ambayo kanuni zake zinatofautiana waziwazi: Texas, wanakoishi Wakongo wengi wa Fort Worth na Houston; New York, hasa miji ya kaskazini kama Buffalo, Syracuse na Utica; na Minnesota, yenye jumuiya kubwa ya Wakenya pembezoni mwa Minneapolis.

Yaliyo sawa popote uendapo

Kabla ya tofauti, kuna msingi mmoja. Sheria ya shirikisho iitwayo ESSA, iliyotiwa saini na Rais Obama Desemba 2015 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2002, inalitaka kila jimbo liwapime wanafunzi wa shule za umma kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, kisha mara moja katika haiskuli. Sayansi hupimwa mara tatu katika safari nzima ya shule. Ukijumlisha, ni mitihani 17. Juu ya hiyo, mtoto aliyeandikishwa kuwa anajifunza Kiingereza hupimwa kila mwaka kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, mpaka afikie kiwango cha kutoka katika mpango huo.

Sheria hiyo inataka asilimia 95 ya wanafunzi wafanye mtihani, lakini haisemi kwamba mwanafunzi asipofaulu asipewe diploma. Hilo imeliachia jimbo, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Vigezo nilivyotumia

Nimeyapima majimbo haya kwa mambo manne. La kwanza ni kama mtihani unaishika diploma ya mwanafunzi mwenyewe, au unaipima shule tu. La pili ni mlango uliopo kwa aliyeanguka. La tatu ni msaada anaopewa mtoto ambaye Kiingereza bado hakijamkaa. La nne ni kama mzazi ana haki ya kukataa mtoto asifanye mtihani. Sikuweka ubora wa shule wala mshahara wa walimu, kwa kuwa hayo hutofautiana kutoka wilaya moja ya shule hadi nyingine ndani ya jimbo lilelile.

Kigezo cha kwanza: diploma iko mikononi mwa nani?

Texas ndiyo inayobana zaidi kwa sasa. Mtihani wake huitwa STAAR, na ulianza mwaka 2012. Katika haiskuli mwanafunzi hufanya mitihani mitano ya mwisho wa somo: Aljebra ya kwanza, Kiingereza cha kwanza, Kiingereza cha pili, Biolojia na Historia ya Marekani. Kanuni ya kawaida ni kufaulu yote mitano ndipo apewe diploma, hata kama alama zake za darasani ni nzuri. Kwa watoto wa madarasa ya chini hali imelegezwa: zamani wa darasa la 5 na la 8 waliweza kurudishwa nyuma kwa sababu ya STAAR, lakini sheria ya mwaka 2021 iliondoa jambo hilo, na sasa asiyefaulu hupewa saa za mafunzo ya ziada. Bado nasikia watu wakitishana kwamba mtoto atarudia darasa kwa STAAR. Habari hiyo ni ya zamani. Aidha, mwaka 2025 jimbo lilipitisha sheria ya kuiondoa STAAR kwa madarasa ya chini na kuweka mitihani mitatu mifupi zaidi, mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mwaka, kuanzia mwaka wa shule wa 2027–28.

New York ina mitihani ya Regents, ambayo mizizi yake inarudi hadi karne ya 19. Kwa kawaida mwanafunzi anatakiwa kufaulu mitihani mitano: Kiingereza, hisabati, sayansi, somo la jamii, na wa tano anaouchagua kwa njia zilizowekwa. Alama ya kufaulu ni 65. Mzazi aliyezoea alama za kwetu asidhani 65 ni maswali 65 kati ya 100. Ni alama iliyogeuzwa kwa kipimo maalumu, kwa hiyo idadi ya majibu sahihi inayohitajika hubadilika kwa kila mtihani. Bodi ya elimu ya jimbo imetangaza mpango wa kuutenganisha mtihani huu na diploma kuanzia mwaka wa shule wa 2027–28. Mitihani itaendelea kuwapo, ila haitakuwa tena njia pekee ya kuhitimu. Kwa kijana anayeingia darasa la 9 sasa, mabadiliko hayo ni makubwa. Kwa anayemaliza kabla ya hapo, kanuni ni ileile ya zamani.

Minnesota haina mtihani unaozuia diploma, na imekuwa hivyo tangu mwaka 2013. Wanafunzi hufanya mtihani wa jimbo uitwao MCA kwa kusoma na hisabati kuanzia darasa la 3 hadi la 8, kisha kusoma darasa la 10 na hisabati darasa la 11, lakini matokeo yake huipima shule. Mwanafunzi huhitimu kwa kukamilisha masomo yanayotakiwa. Upo pia mtihani wa uraia wa maswali 50, na sheria inasema wazi kwamba shule haiwezi kumnyima mtu diploma kwa kushindwa kujibu maswali 30 kati ya hayo.

Kigezo cha pili: mlango wa aliyeanguka

Hapa nitakaa kidogo na Texas, kwa sababu ndipo wazazi wetu wanapopoteza haki bila kujua. Kwanza, mitihani ya mwisho wa somo hurudiwa mara kadhaa kwa mwaka. Pili, tangu mwaka 2015 kuna kamati ya kuhitimu inayoundwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja mmoja. Aliyefanya mitihani yote lakini akashindwa isiyozidi miwili anaweza kupelekwa mbele ya kamati hiyo, ambayo wajumbe wake ni mkuu wa shule, mwalimu wa somo lile, msimamizi wa idara na mzazi. Naam, mzazi ni mjumbe. Mwanafunzi hupewa kazi ya kufanya, aghalabu mradi au mkusanyo wa kazi zake, na kamati ikikubaliana kwa kauli moja, anahitimu. Mzazi asipojua kwamba ana kiti pale, au akija bila mkalimani, hukaa kimya huku jambo zito kabisa la mwanawe likiamuliwa mbele yake. Shule ina wajibu wa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa. Mkalimani aombwe kwa maandishi siku kadhaa kabla, na asiwe mtoto mwenyewe.

Kuna na karatasi ya matokeo yenyewe. Baba mmoja aliniwekea karatasi ya STAAR mezani, imekunjwa mara nne kwa kuwa alikuwa akitembea nayo mfukoni. Mstari wa rangi ulikuwa umesimama kwenye ngazi ya pili kati ya nne, ambayo jina lake kwa Kiingereza lina maana ya "anakaribia". Kwa wiki mbili baba huyo alikuwa na hakika kwamba binti yake ameanguka Biolojia, kwani anayekaribia hajafika. Ukweli ni kwamba kwa ajili ya diploma ngazi hiyo ya pili ni kufaulu. Aliyeanguka ni yule wa ngazi ya kwanza peke yake. Tulipoelewana, aliikunjua ile karatasi, akainyoosha kwa kiganja, akaomba nakala.

New York nayo ina milango yake. Mitihani hufanyika Januari, Juni na Agosti, na aliyepata alama kidogo chini ya 65 anaweza kukata rufaa kwa masharti fulani. Lililo muhimu zaidi kwa wageni ni hili: mwanafunzi anayejifunza Kiingereza aliyeingia Marekani akiwa darasa la 9 au zaidi, akipata kati ya 55 na 59 katika Regents ya Kiingereza, anaruhusiwa kukata rufaa na kupewa ile diploma iitwayo "local", yaani ya eneo. Si diploma ya hadhi ya juu, lakini ni diploma halali.

Minnesota haihitaji mlango wa pili, kwa kuwa wa kwanza haukufungwa. Hata hivyo, mtihani wa MCA si wa kupuuzwa. Aliyefikia kiwango cha kuwa tayari kwa chuo katika MCA hawezi kulazimishwa kuchukua kozi za kurekebisha katika vyuo vya mfumo wa Minnesota State, kozi ambazo hulipiwa ada bila kuhesabiwa katika shahada. Kijana aliyeambiwa "usijali, hauhesabiwi" amenyimwa nafasi ya kuokoa fedha za nyumbani.

Kigezo cha tatu: msaada wa lugha

Hakuna hata jimbo moja kati ya haya matatu lenye mtihani uliochapishwa kwa Kiswahili. Texas ina STAAR ya Kihispania kwa darasa la 3 hadi la 5 tu. New York ina tafsiri za lugha kadhaa, nasi hatumo. Lakini New York imeweka kanuni ambayo kwetu ni neema: pale ambapo hakuna tafsiri iliyochapishwa kwa lugha ya mtoto, shule inaruhusiwa kuleta mtu wa kumtafsiria mtihani kwa mdomo, isipokuwa ule wa Kiingereza. Pia mwanafunzi anaweza kuandika majibu ya hisabati au sayansi kwa lugha yake. Fikiria kijana aliyesoma fizikia yake vizuri Uvira, ambaye akiambiwa "kanieneo" au neno lake la Kifaransa anajua afanye nini, lakini sentensi tatu za Kiingereza zinamfunga mikono. Kwake kanuni hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kufaulu na kurudia. Tatizo ni kumpata mtafsiri. Shule nyingi hazimtafuti mpaka zikumbushwe, na kukumbushwa huko kufanyike miezi, si siku, kabla ya mtihani.

Texas hutoa muda wa ziada, kamusi, na kusomewa maswali kwa wanaostahili. Vilevile ina kanuni ya pekee kwa mtoto mkimbizi wa darasa la 3 hadi la 8 ambaye hakupata msingi wa shule kule alikotoka: anaweza kusamehewa mtihani katika mwaka wake wa kwanza, iwapo hati zake za ukimbizi zipo shuleni. Kanuni hiyo haimhusu kijana wa haiskuli. Minnesota, kwa kuwa mtihani haushiki diploma, ukosefu wa tafsiri hauumi kwa kiasi kilekile.

Kigezo cha nne: haki ya kukataa

Minnesota imeliweka jambo hili wazi. Kuna fomu rasmi ya mzazi kukataa, nayo hupatikana kwenye tovuti ya shule. Mzazi huijaza kila mwaka anaotaka. Mwanafunzi hapewi adhabu, ila katika hesabu za shule anawekwa pamoja na wasiofikia kiwango.

New York haina fomu ya jimbo, lakini wazazi wamekuwa wakikataa kwa barua mitihani ya darasa la 3 hadi la 8, na mwaka 2015 takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano hakuifanya, hasa Long Island. Regents ni jambo jingine: kuikataa, kwa kanuni za sasa, ni kuikataa diploma.

Texas hairuhusu. Sheria yake ya elimu inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto kwa muda katika somo linalopingana na imani yake, kisha inasema papo hapo kwamba haki hiyo si ya kukwepa mtihani.

Mimi simshauri mzazi akatae ule mtihani wa kila mwaka wa kupima Kiingereza, hata pale fomu inapomruhusu. Mtoto hutoka katika mpango wa kujifunza Kiingereza kwa alama za mtihani huo. Asipoufanya hubaki humo, na katika haiskuli kubaki humo kunaweza kumnyima nafasi ya masomo mengine kwenye ratiba.

Nani anafaa wapi

Texas humfaa kijana aliyekuja na vyeti. Kanuni yake inasema kwamba somo ambalo mwanafunzi alilimaliza nje ya jimbo kabla ya kuandikishwa, na wilaya ya shule ikalikubali kama somo la haiskuli, halidaiwi mtihani wake wa mwisho. Mwenye matokeo ya kidato cha pili au bulletin (ripoti za shule) za Kongo zinazoonyesha Biolojia na Aljebra anaweza kubakiwa na mitihani mitatu badala ya mitano. Vyeti hivyo vipelekwe siku ya kujiandikisha, vikiwa na tafsiri. Texas hailaumiki kwa kila kitu: mtoto aliyelelewa humo tangu darasa la kwanza huizoea STAAR, na mzazi hupata kila mwaka kipimo kisichotegemea huruma ya mwalimu.

New York humfaa mwenye elimu nzuri aliyoipata kwa lugha nyingine na aliye tayari kusoma kwa bidii, kwa sababu inatenganisha anachokijua na Kiingereza chake kuliko wenzake wanavyofanya. Pia humfaa anayetaka diploma inayoonyesha amepimwa na mtu wa nje. Mkuu wa shule ana mamlaka ya kumsamehe baadhi ya mitihani anayeingia darasa la 11 au 12 kutoka nje ya jimbo, ingawa si Kiingereza.

Minnesota humfaa aliyefika akiwa na umri mkubwa na shule yenye mapengo, mathalani kijana aliyekaa Nyarugusu au Kakuma miaka mingi, ambaye anaweza kukamilisha masomo darasani lakini mtihani wa saa nne unamzidi. Upungufu wake ni kwamba hakuna kengele ya nje. Kijana anaweza kuhitimu huku Kiingereza chake cha kuandika kikiwa hafifu, asijue mpaka afike chuoni, kwa hiyo mzazi inambidi aulize yeye mwenyewe kila muhula.

Kwa hali yako

Ikiwa watoto wako wote wako chini ya darasa la 8, usihame wala usibaki kwa sababu ya mtihani wa jimbo. Kwa umri huo tofauti ni ndogo, na kazi, nyumba na ndugu wa karibu vina uzito zaidi.

Ikiwa kijana ana miaka 16 au 17, amefika karibuni na hana vyeti, Minnesota ndiyo yenye vizuizi vichache. Kama mko New York tayari, msihame kwa hofu: ulizeni mwaka gani atahitimu, na kama anaangukia kabla au baada ya mabadiliko ya 2027–28. Majimbo yote matatu humruhusu kusoma bure hadi miaka 21, kwa hiyo mwaka mmoja wa ziada unaweza kuwa bora kuliko kuhama.

Ikiwa mko Texas na kijana yuko darasa la 12 akiwa amebakiza mtihani mmoja au miwili, kaeni, na mwombe kamati ya kuhitimu kwa maandishi mapema. Akiwa amebakiza mitatu au zaidi, ongeeni na mshauri wa shule kuhusu tarehe za kurudia kabla ya kufikiria jimbo jingine, kwa maana jimbo jipya nalo lina masomo yake linayoyadai.

Na ikiwa mmeshaamua kuhama, kabla ya kufunga mizigo ombeni shuleni nakala rasmi ya masomo yaliyokamilika, matokeo ya kila mtihani wa jimbo, na alama za mtihani wa Kiingereza za mwaka wa mwisho. Hati hizo tatu zikae kwenye mfuko wa mkononi pamoja na kadi za chanjo, zisiingie kwenye lori.